Fundi Magodoro Alipolala

Mtu akitaka godoro la maana katika mji wetu, humwendea rafiki yangu. Hana kibao mlangoni wala hakihitaji. Ana vyumba viwili vya kazi vilivyopakana na nyumba yake. Cha mbele kimejaa pamba mpaka kwenye mihimili. Ukiingia na koti jeusi, unatoka na koti la kijivu. Cha nyuma ndicho alichokuwa akikaa mkewe na cherehani yake ya miguu, akishona mifuko ya magodoro. Fundi alishindilia pamba, mke akashona, na hivyo ndivyo walivyolea mtoto, wakajenga, wakazeeka. Nusu ya mji inalalia kazi ya mikono yao. Mimi mwenyewe, fundi vioo na mtu mgumu wa kusifu, nalalia godoro lao tangu nioe, na kama limebonyea mahali, basi kosa ni la tumbo langu.

Sasa fikiria mtu kama huyo akose usingizi.

Mkewe alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Tangu tulipotoka makaburini, Fundi hakulala. Sisemi alilala vibaya, nasema hakulala. Alijitupa kitandani, macho yakabaki kwenye dari. Alisinzia kidogo kama kuku mgonjwa, akashtuka, akakaa. Alikonda mpaka mkanda ukawa unamzunguka mara mbili. Mikono ikaanza kutetemeka, na siku moja ile sindano ndefu ya kushonea magodoro ikamtoboa kiganja. Daktari alimpa vidonge, akavisokomeza chini ya zulia. Kinyozi wetu, rafiki yetu wa tatu, mtu asiye na dogo, akamtania: "Unauza usingizi mji mzima, wako umemgawia nani?" Tulicheka wote, Fundi akiwemo. Lakini halikuwa jambo la kuchekesha.

Aliyenijia dukani ni binti yake, karani wa shule. Alisimama katikati ya vioo vyangu, akashindwa kuanza.

"Baba mdogo," akasema hatimaye, "daktari ameniita pembeni. Amesema moyo wa baba hautastahimili. Akiendelea hivi..."

Hakumalizia. Alikuwa analia, nami nilimwona akilia kila upande, katika kila kioo cha duka, sikuwa na pa kuangalia.

"Nimefanya kila kitu," akaendelea. "Nyumba kimya kabisa. Redio nimeizima. Saa ya ukutani nimeitoa betri. Cherehani ya mama nimeifunika nikaitia stoo, asiione akaumia. Hata bawaba za mlango nimezipaka mafuta zisilie. Nendeni naye baharini kama kawaida yenu. Akirudi amelala hata mara moja tu, sitakuomba kitu kingine."

"Sawa, mwanangu," nikasema. Nilisema kama vile usingizi ni bidhaa, naukata kwa kipimo na kuufungia gazeti.

Kila mwaka sisi watatu hukodi boti, tukakaa huko nje siku kadhaa, tunavua, tunakula, tunalala humo humo. Kinyozi huja kusema, mimi huja kulalamika, na Fundi huja kukosa samaki. Boti yetu ina sheria moja, nami ndiye niliyeitunga, baada ya Kinyozi kumvuta samaki wangu nilipokuwa nimekwenda kujisaidia. Fimbo ya mtu ya kuvulia haiguswi. Samaki akinasa na mwenyewe hayupo, aitwe. Amelala, aamshwe. Akichelewa, samaki aende zake salama. Tuliapa wote, Kinyozi akinung'unika.

Bahati mbaya ya Fundi ilijulikana mtaa mzima. Mwaka hadi mwaka alirudi na kichangu cha ukubwa wa kiganja. Mkewe alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni: "Haya, nipisheni nimwone huyo nyangumi!" Alikuwa na sinia kubwa la harusi yao. Alimkaanga yule kichangu, akamlaza peke yake katikati ya sinia, akamzungushia vitunguu na ndimu mpaka ukingoni, kisha akatuita tuje tusaidie kummaliza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndiye aliyemnunulia Fundi fimbo yake ya kuvulia, nzuri kuliko zetu, yenye rili inayolia mshipi unapovutwa. "Sinia lipo," alimwambia. "Halina haraka."

Safari hii, tulipokuwa tunapakia vitu, Fundi alinisogelea. "Mwaka huu nataka wa kujaza sinia," akasema kwa sauti ya chini. "Hata kama hayupo wa kumwonyesha." Nikamwambia ashike ndoo ya chambo.

Nahodha wetu ni mwanamke mnene aliyerithi boti kwa baba yake. Anaijua bahari kama jikoni kwake, na ana sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo. Hata akikuomba chumvi unadhani boti inazama. Boti yenyewe mwaka huu ilikuwa na kasoro. Chini ya mbao kuna pampu ndogo ya kutoa maji yanayojipenyeza, nayo ilikuwa imechakaa. Ilikwenda tak-tak-tak-tak, ikasita, kana kwamba kuna jambo inalifikiria, halafu tak-tak-tak-tak tena. Haikukoma mchana wala usiku. Nami kelele siziwezi. Kioo hukatwa kwa masikio; ukisikiliza vizuri ule mkwaruzo, unajua kitapasukia wapi. Masikio yangu ndiyo mtaji wangu, na lile dude lilikuwa linanitoboa.

"Mama," nilimwambia Nahodha, "hiyo pampu itanitia wazimu."

"Nikiizima utapata wazimu na maji juu!" akajibu. "Ngoja kesho, bahari ikitulia nitaifungua."

Usiku huo nilijifunika koti kichwani nikalala kwa hasira. Asubuhi nilimkuta Fundi amekaa pale pale nilipomwacha, macho mekundu. Tofauti ilikuwa moja tu: kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande, kama mtu anayesikiliza. Sikukitilia maanani.

Siku ya pili bahari ilitulia kweli. Upepo uliisha kabisa. Maji na anga vikawa rangi moja, ya maziwa yaliyotiwa tone la wino, na ule mstari unaovitenga ukafutika. Nahodha alizima injini, tukaachwa tunaelea. Hukuweza kujua kama tunakwenda au tumesimama, kama ni saa tatu au saa saba. Ndege mmoja mweupe alipita juu yetu, na mwingine akapita chini yetu, kichwa chini, tumbo juu, nami nilikaa muda kabla ya kukumbuka kuwa huyo wa chini ni kivuli. Mawazo yalikuja yakaondoka bila kubisha hodi. Nilimkumbuka mama yangu akichekecha unga. Nilikumbuka dirisha la kwanza nililolitia kioo, nikalipenda upya.

Fundi alitia chambo, akaisimika fimbo yake katika tundu lake ukingoni, akaenda kukaa juu ya rundo la kamba chini ya turubai. Kinyozi alikuwa anatusimulia habari za mteja aliyesinzia kwenye kiti akatoka na nusu ya masharubu.

"Akajitazama kwenye kioo, akaniambia, 'Hii nusu nyingine niipeleke wapi?' Si unamjua, Fundi? Yule wa duka la rangi?"

Fundi hakujibu. Tuligeuka. Alikuwa amelalia shavu, mdomo wazi, viganja vimefunguka juu ya mapaja.

"Amekufa," Kinyozi akanong'ona.

Nilimwona binti yake katika vioo vyote. Halafu Fundi akakoroma.

Maisha yangu yote nimechukia mtu anayekoroma, lakini mkoromo ule ningeuweka kwenye fremu. Ulikuwa mrefu, mzito, wenye mwanzo na mwisho. Kinyozi alinikumbatia, jambo ambalo hatujawahi kufanya. Tulivua viatu. Tulimfuata Nahodha tukamwonyesha kwa vidole, naye akajaribu kunong'ona, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Ilitoka pumzi tupu. Tukakaa chini, wazee wazima watatu pekupeku, tunamtazama mwenzetu analala kama watu wanaotazama chungu kisimwagike. Hatukuwa na shughuli nyingine duniani.

Ndipo rili ya Fundi ikalia.

Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Mshipi ulikuwa unatoka kwa kasi ya kutisha, na mbali, mahali ambapo hapakuwa bahari wala anga, kitu kikaruka. Nduaro. Mweusi wa bluu, pua kama mkuki, lile tanga lake la mgongoni limefunguka lote. Alibaki hewani muda mrefu kuliko inavyowezekana, kisha akaanguka kwa ubavu, na mshindo ukatufikia baadaye, mdogo na laini.

Niliiwahi ile rili, nikabana kidude kinachoifanya ilie. Ikanyamaza. Fundi aligeuza kichwa tu.

"Sasa umegusa," Kinyozi akaninong'oneza, macho yamemtoka.

"Nimeizima tu, sijaigusa!"

"Hapo unafanya nini sasa?"

"Nenda kamwamshe."

"Nenda wewe. Sheria si ni yako?"

Ilikuwa yangu, na niliiamini. Yule alikuwa samaki wa sinia. Mwenyewe alikuwa ameniambia anamtaka, tulipokuwa tunapakia vitu. Nani alinipa mimi ruhusa ya kumchagulia? Nilimwachia Kinyozi fimbo aizuie isichomoke, nikaenda chini ya turubai, nikainama juu ya rafiki yangu.

Uso wake ulikuwa umefunguka. Ile mikunjo ya mwaka mzima ililegea, na chini yake nilimwona kijana niliyecheza naye utotoni, yule yule, hajaenda popote. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa paja polepole, kama mtu anayesawazisha ukingo wa kitambaa. Nilinyoosha mkono kumshika bega. Nikaurudisha. Nikaunyoosha tena. Niliona uchungu hata nikakasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Sikuweza. Nikageuka, nikarudi, nikaichukua fimbo ya Fundi kwa mikono yangu miwili.

Sijui tulipigana na yule nduaro muda gani. Mchana ule haukuwa na saa. Nilivuta, akavuta. Kinyozi alinishika kiunoni nisiende na maji, na Nahodha alinielekeza kwa mikono, kama anayemwongoza dereva kurudi nyuma. Nduaro aliruka tena, akaruka tena, na kila aliporuka sote tuligeuka kumtazama aliyelala, na kila mara tulimkuta anakoroma. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kama ndoto ambayo mtu mwingine anaiota na sisi tumo ndani yake, tukijitahidi tusimwamshe.

Mwisho alichoka, mimi nikiwa nimechoka zaidi. Alikuja ubavuni mwa boti akalala juu ya maji, mrefu kuliko mlango. Rangi zilimpita mwilini, zambarau, fedha, bluu, kama anayewaza. Jicho lake lilikuwa kubwa na tulivu. Nahodha alishika mti wenye kulabu wa kupandishia samaki, akanisogezea mdomo sikioni.

"Nikimpandisha," akapumua, "atapiga mbao hizi mpaka wafu waamke. Unasemaje?"

"Sinia lake," nikasema. Ndilo neno lililonitoka. Machozi yalikuwa yananitiririka pamoja na jasho, na sikuona haya.

Kinyozi, mwizi wa samaki wangu, alinitazama sana. Kisha akatoa mkasi kwenye mfuko wa shati. Hauachi nyumbani hata akienda harusini. "Sema wewe," akasema.

"Kata."

Akaukata mshipi taratibu, kwa ule uangalifu wa kupunguza nywele za mtoto pembeni ya sikio. Nduaro alibaki pale kidogo, hajui kama yuko huru. Kisha akazama, na maji yakafunga.

Fundi aliamka jua limehamia upande wa pili. Alama za kamba zilikuwa zimechapwa shavuni mwake. Alikaa, akajinyoosha, akatutazama tulivyokaa, halafu macho yake yakaenda kwenye fimbo yake na kile kipande cha mshipi kinachoning'inia.

"Nani amegusa fimbo yangu?"

"Mimi," nikasema.

"Alikuwa mkubwa?"

"Nduaro."

"Angejaa sinia?"

"Kichwa sebuleni, mkia uani."

Nilimwona anamtafuta samaki kule mbali, na nilijua nilichomnyima. "Na sheria si ni yako wewe?" akasema.

"Ni yangu. Nilikuja kukuamsha, ndugu yangu. Nikashindwa. Ulikuwa umelala usingizi wa pono."

Alijipapasa uso, akaziona zile alama kwa vidole, na hapo tu akaelewa alichofanya. Alishangaa kama mtu aliyepewa habari za jirani. "Nimelala," akasema. Akafikiri. "Nilikuwa nyumbani. Niko chumba cha mbele, juu ya pamba, yeye yuko nyuma anashona. Alikuwa na kazi nyingi leo. Anashona, anafika kwenye kona, anasita, anageuza kitambaa, anaendelea. Wala sikwenda kumtazama. Nilijua yupo."

Hapo, chini ya miguu yetu, ikaja: tak-tak-tak-tak. Ikasita. Tak-tak-tak-tak.

Ndipo masikio yangu, haya ninayojivunia, yakazibuka.

"Haya, bwana vioo!" Nahodha alitokea nyuma yangu na spana mkononi, sauti yake imemrudia yote. "Bahari imetulia, nakuja kuiua pampu yako!"

"Iache!" nikapiga kelele.

"Si wewe uliyesema—"

"Mama, nakuomba, kwa heshima zote, usiiguse hiyo pampu!"

Siku zilizobaki Fundi alilala. Alilala mchana, alilala usiku, alilala akiwa ameshika kikombe. Mimi na Kinyozi tulikesha tumejiziba masikio, tukateremka bandarini macho mekundu kama pilipili, na yeye katikati yetu mashavu yamejaa. Siku ya mwisho fimbo yake ilinasa samaki mmoja. Alikuwa kichangu wa ukubwa wa kiganja. Alitaka kumrudisha majini. Nilimnyang'anya nikamtia kwenye barafu.

Binti alikuwa mlangoni. Mlango ulifunguka bila sauti yoyote, kwa yale mafuta yake. Alimtazama baba yake usoni, akaweka mkono mdomoni. Nilimwacha amshike kwanza, amkumbatie, aulize mara tatu kama ni kweli. Baba alipoingia kuoga, nikamvuta pembeni.

"Mwanangu, ile cherehani iko wapi?"

"Stoo. Kwa nini? Baba mdogo, akiiona itamuumiza."

"Hahitaji kuiona. Anataka kuisikia." Nikamweleza. Aliponielewa alikaa chini pale pale sakafuni. Mtoto yule alikuwa amezunguka nyumba nzima mwaka mzima kwa mapenzi, akizima kila kitu kilichokuwa kinampa baba yake usingizi. Nami nilimsikiliza nikamwambia sawa.

Tuliitoa mimi na Kinyozi, tukaifuta vumbi, tukaiweka mahali pake chumba cha nyuma. Binti alikaa kwenye kiti cha mama yake, akatandika kipande cha kitambaa cha godoro chini ya sindano.

"Lakini sijui kushona," akasema. "Mama alikataa kunifundisha. Alisema yangu ni vitabu. Hata uzi sijui unapita wapi."

"Kanyaga tu."

Akakanyaga. Mwanzoni ilikwenda kama gari bovu, kisha miguu ikakumbuka kitu ambacho haijawahi kufundishwa. Nilichungulia chumba cha mbele. Fundi alikuwa ametoka kuoga, amesimama katikati ya pamba na taulo begani, hatikisiki. Kisha akajishusha juu ya pamba, akajilaza kwa ubavu, akafumba macho.

Binti alikanyaga mchana kutwa. Aliponyoosha mgongo, nilimwona analia huku anacheka. Jikoni, Kinyozi alikuwa amemlaza kichangu katikati ya lile sinia, anamzungushia vitunguu na ndimu, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kusema neno.

Jioni ilipokaribia, Fundi alikuja kusimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, nywele zimejaa pamba. Binti akasimamisha miguu, akaogopa kidogo. Baba alikichukua kile kitambaa, akakiinua dirishani. Hakikuwa na mshono hata mmoja. Kilikuwa na matundu ya sindano tu, mistari na mistari, na mwanga ulipita katika kila tundu.

"Mama yako angekucheka mpaka aanguke," akasema.

Alivuta kigoda, akachukua uzi, akaulamba ncha, akaupitisha kwenye vindoano vya cherehani, juu, chini, mpaka tundu la sindano. Mikono yake haikutetemeka. Akaweka kitambaa kipya.

"Ukifika kwenye kona," akamwambia, "sita kidogo. Ndipo ugeuze."

Kisha akarudi chumba cha mbele, akajilaza tena juu ya pamba.